Intaneti ikikatika Rusizi: chunguza ruta yako kabla ya kupiga simu

Lori limesimama Rusizi ya Pili, dereva anapiga simu kila baada ya dakika tano, na wakala wa forodha yuko Kamembe mbele ya kompyuta isiyofungua ukurasa wowote. Tangu Rwanda ilipoanzisha mfumo wa dirisha moja la forodha mwaka 2012, tamko la mzigo linatumwa kwa mtandao. Ruta iliyo sebuleni au ofisini ni kifaa cha kazi kama tairi la akiba.

Ndugu mfanyabiashara, jambo la kwanza ni kujua tatizo liko wapi. Jaribu simu na kompyuta zote mbili. Kama kimoja kinafanya kazi, ruta haina kosa. Kama vyote vimekwama, angalia salio la kifurushi, maana simu nyingi za malalamiko huishia hapo. Kisha chomoa ruta kwenye umeme, hesabu nusu dakika, uirudishe na usubiri kama dakika tatu.

Wenye faiba watazame taa yenye herufi LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa: waya umekatika njiani, umekunjwa sana au umelegea ulipochomekwa. Hakikisha umechomekwa vizuri, lakini usiufungue wala kuufuta kwa kidole. Hapo ni kazi ya fundi wa kampuni.

Wenye ruta ya laini ya simu wana shida ya hapa kwetu. Bukavu iko ng'ambo ya mto tu, na minara ya Kongo inafika Kamembe bila pasipoti. Ruta iliyo dirishani upande wa ziwa inaweza kushika mtandao wa huko, ikakosa intaneti au ikala salio kwa bei ya ugenini. Ukiona jina Vodacom au Orange, umeshavuka mpaka bila kujua. Airtel ndiyo inayochanganya watu, kwa sababu iko pande zote mbili. Tazama namba ya mtandao: za Rwanda huanza na 635, za Kongo 630. Fungua ukurasa wa ruta kwa anwani iliyo kwenye kibandiko chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, zima matumizi ya ugenini, uchague mtandao wako mwenyewe badala ya kuiachia ruta ichague. Kisha ihamishie upande wa nyumba usiotazama Bukavu.

Kile kitundu kidogo cha nyuma kinachobonyezwa kwa sindano, kiacheni. Kinafuta mipangilio yote, pamoja na jina na neno la siri ambalo kampuni iliweka siku ya kufunga. Shida ya dakika kumi inageuka ya siku mbili, na mara nyingi aliyebonyeza hakubali kwamba alibonyeza.

Halafu kuna radi. Utafiti wa vipimo vya setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliweka eneo la milima ya mashariki ya Kongo, lililoandikwa kwa jina la Kabare, kuwa la kwanza Afrika kwa wingi wa radi: zaidi ya 200 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Sisi tuko jirani. Mawingu yakikusanyika juu ya Kivu, chomoa waya wa umeme wa ruta na ule wa antena ya nje kama ipo. Kuzima kwa swichi peke yake hakutoshi.

Ukipiga simu kwa kampuni, kaa karibu na ruta ukiwa na namba ya akaunti au ya laini, namba ya kifaa iliyo kwenye kibandiko, saa tatizo lilipoanza na rangi ya kila taa. Usiseme tu "intaneti haifanyi kazi". Sema "taa ya LOS ni nyekundu tangu saa mbili asubuhi, nimeshazima na kuwasha". Utarukishwa maswali ya mwanzo. Kabla ya kukata simu, omba namba ya malalamiko na uiandike pamoja na tarehe. Bila namba hiyo, kesho utaanza upya na mtu mwingine.

Kampuni ikikaa kimya, peleka malalamiko RURA, mamlaka inayosimamia mawasiliano Rwanda, kwa namba ya bure 3988. Watakuuliza kama ulianza na kampuni, na ile namba ndiyo ushahidi. Kama kumbe ni umeme uliokatika mtaa mzima, wa kupigiwa ni REG, 2727.

Wakati huo lori bado linasubiri. Washa intaneti ya simu yako, igawie kompyuta, na utume tamko. Weka laini ya kampuni tofauti na ile ya ruta, kwa sababu mnara ukianguka, laini mbili za kampuni moja hunyamaza pamoja.