Alama za printf na Urithi wa Lugha ya B

Januari 1972, Ken Thompson wa Bell Labs, kule Murray Hill, New Jersey, alitoa mwongozo wa lugha yake ya kompyuta iliyoitwa B. Miongoni mwa mifano ya mwongozo huo imo printf nzima, yaani amri ya kuchapisha thamani kwa kufuata alama, imeandikwa kwa B yenyewe. Ufundi wake ni mwepesi: inashika anwani ya thamani ya kwanza iliyopewa, na kila ikikuta alama ya asilimia inachukua thamani moja na kusogea hatua moja mbele kwenye kumbukumbu. %d ni namba ya kawaida, %o ni namba kwa msingi wa nane, %c ni herufi, %s ni maneno.

Kwa B, huo ulikuwa mpango mzuri. Lugha hiyo haikuwa na aina za data. Kila kitu kilikuwa neno moja la mashine, la ukubwa uleule. Aliyeandika %o badala ya %d alipata namba ileile kwa sura nyingine, na thamani zilizofuata zilibaki mahali pake.

Kisha ikaja PDP-11, mashine iliyohesabu kumbukumbu kwa baiti. Mwenzake Thompson, Dennis Ritchie, akaiongezea B aina za data, ikazaliwa C. Sasa int ilikuwa baiti 2, long baiti 4, double baiti 8. Lakini printf ilihamia nyumba mpya na mazoea ya zamani: haijui imepewa nini, inaamini alama tu.

Matokeo yake yalionekana vizuri kwenye kompyuta za Intel za biti 32. Mtu akiandika printf("%d %d", 3.14, 7), skrini ilimpa 1374389535 na 1074339512. Hizo si namba za kubahatisha. 3.14 imekaa kwenye baiti 8. Alama %d ya kwanza imechota nusu ya chini, ya pili ikachota nusu ya juu. Ile 7 haikuguswa kabisa.

Kwenye Linux ya biti 64 mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu namba za desimali hupitia rejista zake na namba kamili zake. Ukiitisha %d kwa 3.14 peke yake, printf inasoma rejista ambayo hakuna aliyeweka kitu humo, na jibu laweza kubadilika kila programu inapoendeshwa. Mwanafunzi ana haki ya kudhani mashine imerogwa.

Sanifu ya C ya 1989 haikuponya kitu. Ilitamka tu kwamba matokeo ya alama isiyolingana hayana ahadi yoyote. Ile ya 1999 ikaleta %zu kwa ukubwa wa vitu, na PRId64 kwa namba za biti 64, yenye sura mbaya kweli, ila inahitajika: long ni biti 64 kwenye Linux ya biti 64 na biti 32 kwenye Windows.

Msaada wa maana umetoka kwa kompaila. GCC, ikipewa -Wall, hulinganisha alama na thamani na kutoa onyo. Hata hivyo haiwezi kukagua maandishi yanayofika programu ikiwa tayari inaendeshwa. Mwaka 2000 seva ya mafaili ya wu-ftpd ilipatikana ikiyapokea maneno ya mgeni na kuyatumia kama maandishi ya alama. Wadukuzi wakaingiza %n, ambayo haichapishi chochote bali huandika namba kwenye kumbukumbu, wakajitwalia mamlaka yote ya mashine.