Gari ya hibridi ao ya mazutu: gani itakula pesa kidogo kwenye barabara zetu?

Watu wanaotafuta gari ya kununua Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia wanabishana kila siku kwa namna moja. Huyu anasema hibridi ndiyo gari ya leo, juu inakunywa esansi kidogo. Yule anajibu kama mazutu ndiyo nguvu, na hibridi ikilala hakuna fundi wa kuiamsha. Wote wana sehemu ya ukweli, lakini kuna jambo wanasahau: mazutu si kitu kimoja. Kuna mazutu ya zamani na mazutu ya kisasa, na kwa mfuko wa mwenye gari hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Tuanze na hibridi. Toyota ilianza kuuza Prius kule Japani mwezi wa 12 mwaka 1997, kisha zikafuata zingine kama RAV4 ya hibridi. Ndani mna moteri ya esansi, moteri ya umeme na batri kubwa. Zile nyingi tunaona huku hazichomekwi kwa ukuta, kwa hiyo hazingojee SNEL irudishe umeme. Ukikanyaga freni ao ukishuka mlima, moteri ya umeme inageuka jenereta na kujaza batri. Ndiyo sababu ndani ya mji, mahali pa kusimama na kuondoka kila dakika, hibridi inashinda. Prius nzima inaweza kutembea kilomita 100 kwa lita 5 hivi, ao 5 na nusu, wakati Prado ya mazutu yenye moteri ya lita 3 inaomba 10 ao 11.

Fanya hesabu na bei ya kituo chako. Tuseme unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi, na lita moja, iwe ya esansi ao ya mazutu, iko dola 1.5. Hibridi itakula lita 55, Prado lita 110. Tofauti ni lita 55, maana yake dola 82 na nusu kila mwezi. Ukitajiwa batri ya kubadilisha kwa dola 1,200, utakuwa umeirudisha kwa miezi kama 15. Lakini hesabu hiyo inalinganisha gari ndogo na jipu. Ukilinganisha Prius na Vitz ao Ist ya esansi ya kawaida, faida inapungua sana, na hapo wengine wangefanya vizuri kununua tu Ist na kulala usingizi.

Kwa milima kuna mambo ya kujua. Batri ya Prius ni ndogo: ukipanda muda mrefu inaisha, na moteri ya esansi inabeba mzigo peke yake. Ukishuka Ngomo kuelekea Kamanyola inajaa upesi, kisha haina tena pa kuweka umeme. Weka vitesi kwenye B, moteri isaidie kuzuia gari, usije ukachoma freni.

Sasa batri yenyewe, juu ndiyo inatia watu woga. Ile ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu iko na vipande 28 vilivyoungana, jumla volti 200 na kidogo. Haifi siku moja yote. Kipande kimoja kinachoka, kinavuta vingine, taa nyekundu inawaka. Mafundi wengi watakubadilishia kile kimoja kwa bei ya chini, na gari itatembea, lakini wenzake wana umri ule ule na baada ya miezi utarudi kwa fundi. Kinachoua batri mapema ni joto. Kuna tundu la hewa pembeni ya kiti cha nyuma, na ndani yake feni ndogo inayopoza batri. Kwa Goma, na vumbi ya mawe ya volkano, feni ile inajaa uchafu. Na shofere wa taksi anaweka mizigo mbele ya tundu bila kujua. Kusafisha feni ni kazi ya nusu siku. Hakuna matengenezo yenye faida kuliko hiyo.

Zaidi ya batri, hibridi haina klachi, haina startere wala altenateri ya kawaida, na freni zinaisha polepole. Ila Prius ya kizazi cha tatu, ile ya kuanzia 2009, iko na ugonjwa wake: njia za kurudisha moshi ndani ya moteri zinaziba, joto linapanda, na mwisho jwenti ya kulase inaungua. Halafu iko chini, sentimita kama 14 tu kutoka ardhini. Barabara zetu mnazijua.

Jambo lingine la hatari: hibridi haisukumwi ili iwake. Ile batri ndogo ya volti 12 ikikufa, gari haiamuki, hata kama batri kubwa imejaa. Na Prius haivutwi na kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, juu yakizunguka yanatengeneza umeme na kuharibu vitu. Nyaya za rangi ya chungwa, fundi asiyefundishwa asiziguse. Zinaweza kuua.

Turudi kwa mazutu. Land Cruiser yenye moteri ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, bila turbo, ndiyo ile ya mashirika, ndiyo inafika mahali barabara inaishia. Inakunywa lita 12 mpaka 14 kwa kilomita 100, na kwa mji ni hasara tupu. Lakini pompe yake ya mazutu inafanya kazi kwa chuma, si kwa kompyuta, na fundi wa Shabunda ao wa Walikale anaifahamu. Dai lake moja la lazima: badilisha mkanda wa ndani kila kilomita 100,000. Ukatike, moteri inaharibika. Na siku ukiuza, bado ina bei.

Mtego uko katikati, kwa mazutu za kisasa, kama zile zenye maandishi D-4D. Watu wanazinunua wakiamini ni ngumu sawa na 1HZ. Hapana. Ndani mazutu inasukumwa kwa nguvu inayopita mara 1,000 ile ya hewa tunayopumua, ikipita kwenye enjekteri zenye matundu madogo kuliko jicho la sindano. Maji kidogo ao uchafu kutoka kwa bidoni ya Kadhafi wa barabarani, enjekteri zinaanza kuvuja, na enjekteri ikivuja inaweza kutoboa pistoni. Ziko nne, na hazina bei ya mchezo. Hapo unalipa mara mbili: unakunywa zaidi ya hibridi, na uko dhaifu karibu sawa nayo. Kama tayari unayo, weka filta ya kweli, toa maji chini ya filta mara kwa mara, na usinunue mazutu ya chupa.

Basi taksi ya mjini ao mtu wa ofisi Bukavu anaweza kuchukua hibridi bila woga, kama katika mji wake kuna fundi wa umeme wa gari. Anayepeleka mizigo na watu ndani ndani achukue mazutu ya zamani. Pine, amortisere na rotile zitakufa kwa zote sawasawa, hizo barabara haziangalie moteri.

Kabla ya kulipa hibridi, panda nayo mlima huku skana ikiwa imeunganishwa. Itaonyesha jozi 14 za batri. Zote zishuke pamoja. Jozi moja ikianguka mbali na wenzake, punguza bei ya batri nzima, ao rudisha ufunguo. Fungua pia tundu la kiti cha nyuma uangalie vumbi. Muuzaji akikataa skana, utakuwa umeshapata jibu.