Jinsi Vyama vya Hospitali Vilivyopata Kusikizwa na Serikali

Wazee wetu na wanachama wenzetu, taarifa hii huwaletea kila mwaka hesabu ya michango: ya mazishi, ya karo na ya wagonjwa. Safari hii twapenda kueleza jambo lililo nyuma ya mchango wa wagonjwa, yaani ni nani asemaye na Serikali juu ya matibabu, naye alipataje kusikizwa.

Jambo la chama kusema na Serikali si geni katika nchi hii ya ziwa. Mwaka 1921 vijana waliosomeshwa Maseno walianzisha Chama cha Vijana wa Kavirondo, wakalalamikia kodi, kipande na haki ya mashamba. Mwaka 1923, chini ya Arkidiakoni Walter Owen, kikageuzwa kuwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, na wanachama wakaagizwa kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Wako waliosema kwamba vyoo vile vilichimbwa ili siasa izikwe humo. Neno hilo lina ukweli wake, lakini si ukweli wote. Panya hueneza tauni, na tauni ilikwisha kuua watu Kisumu. Tena aliyesafisha ua wake huiandikia Serikali barua bila kuinamisha kichwa.

Hospitali za misheni zilishika njia iliyo karibu na hiyo. Katika miaka ya 1930 zile za makanisa ya Kiprotestanti zilikuwa na kamati yao ya pamoja, na mwaka 1946 zikaunda Chama cha Uganga cha Makanisa ya Kiprotestanti. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupokea ruzuku za Serikali na kuzigawanya. Yafaa tulitazame jambo hili kwa makini, maana nguvu yote ya vyama vya namna hii hutoka hapo. Hospitali moja ikiomba peke yake, kama ile ya Maseno, barua yake huonekana kilio cha mwenye shida. Lakini chama kishikacho daftari la hospitali nyingi, chenye kujua vitanda, wauguzi na wagonjwa wa kila mahali, huwa na hesabu ambazo Wizara yenyewe yazihitaji. Basi huitwa mezani, nacho kikiisha kukaa husema na mengine yasiyo ya ruzuku.

Mwaka 1965 Serikali ya Uhuru ilifuta ada za wagonjwa wa nje katika hospitali zake. Hospitali za misheni hazikuweza kufanya vivyo hivyo, kwa kuwa ada ndiyo ilinunua dawa. Mwaka 1966 ikaundwa Bima ya Taifa ya Hospitali, NHIF, kwanza kwa wenye mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi na zaidi. Wachuuzi na wavuvi wa mwaloni hawakuwamo. Huku Kisumu tulijengewa hospitali kubwa kwa msaada wa Warusi, ikafunguliwa Oktoba 1969. Hata leo wazee huiita Russia, ingawa sasa ina jina la Jaramogi Oginga Odinga.

Chama kile cha 1946 kiliitwa CHAK tangu mwaka 1982. Mwaka 1986 kiliungana na maaskofu wa Kikatoliki kuanzisha MEDS, ghala la kununua dawa kwa pamoja. Kwa maoni yetu hiyo ni hoja kubwa kuliko hotuba nyingi: Wizara ilionyeshwa kwa vitendo kwamba dawa zaweza kufika mashambani. Na ada zilipoanza kutozwa tena katika hospitali za Serikali, Desemba 1989, wengi walitambua kwamba neno “bure” laweza kufutwa kwa tangazo moja.

Siku hizi vyama vimeongezeka. Kipo cha hospitali binafsi, na kipo RUPHA cha hospitali binafsi za mashambani na za mijini. Sheria ya mwaka 2023 ilipoiondoa NHIF, na SHA ikaanza kazi Oktoba 1, 2024, vyama hivi vilidai deni lililoachwa, takriban shilingi bilioni 30. Februari 2025 RUPHA na wenzake wakatangaza kwamba hospitali zao hazitawatibu kwa mkopo wagonjwa wa SHA.

Hatuwalaumu kwa kudai haki yao. Hospitali isiyolipwa hufunga mlango, na muuguzi naye ana watoto. Lakini tusichanganye mambo mawili. Chama cha hospitali husema kwa ajili ya hospitali. Mara nyingi faida yake na ya mgonjwa huenda njia moja, kama ilivyokuwa Oktoba 2016, uzazi wa bure ulipowekwa chini ya NHIF na akina mama wakaweza kujifungulia katika hospitali za misheni pia. Siku ya mgomo njia hizo huachana.

Mapema Machi 2025 Rais alitangaza kwamba hospitali zinazodai shilingi milioni 10 au pungufu zitalipwa zote, na madai makubwa zaidi yakaguliwe kwanza. Hospitali zilikuwa na daftari, kwa hiyo deni lao lilihesabika. Mama wa Nyalenda aliyekwisha kulipa SHA shilingi zake 300 za kila mwezi, akatakiwa fedha taslimu mlangoni siku zile, fedha zake hazikuwa deni la mtu yeyote.