Kompyuta kuukuu huwa tunu lini?

Mwezi uliopita nilimsindikiza mpwa wangu hadi Nchiru, kwenye barabara ya Meru kwenda Maua, kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Kwa fundi mmoja wa pale niliona kompyuta nyeupe iliyogeuka manjano, kiwambo kinene kama televisheni ya zamani. Diploma yangu niliisomea kwa mashine kama ile.

“Mjomba, hiyo ni ya kuuzwa kwa kilo,” mpwa akacheka.

Je, ni chuma chakavu au ni tunu? Umri peke yake hauamui. Wakusanyaji huuliza kwanza mashine ilileta nini. Apple-1 ya 1976 zilitengenezwa kama 200 tu, na uadimu huo hupandisha bei. Lakini Commodore 64 ya 1982 iliuzwa kwa mamilioni na bado ni tunu, kwa kuwa watoto wengi wa Ulaya na Marekani waliijulia kompyuta hapo. IBM PC ya Agosti 1981 iliundwa kwa vipande vilivyonunuliwa kwa kampuni nyingine, basi wengine wakaiga upesi. Kompyuta nyingi za ofisini tulizozizoea ni kizazi chake.

Ile ya Nchiru ni mjukuu huyo, imeungwaungwa, haina hata jina. Mkusanyaji wa London hataitazama mara mbili. Mimi naona amekosea: Afrika Mashariki wengi wetu hatukujifunzia Commodore, tulijifunzia hizi zisizo jina. Zikishapondwa zote, tutawaonyesha nini wajukuu?

Jambo jingine ni uzima wake: kibodi yake yenyewe, diski zake, programu zake. Bila programu ni sanduku tu. Na mwenye mashine ya miaka ya 1980 aifungue leo aangalie betri ndogo iliyochomelewa kwenye ubao mkuu. Ikivuja, maji yake hula shaba. Sisi wa Pwani tuna hewa ya chumvi juu yake, inayoshika kutu kila kitu. Kule bara hudumu zaidi.

Fundi akaiwasha. Ikanguruma, ikatokea Windows 98, na ndani mna barua za mtu za kuomba kazi, za mwaka 2001. Sikuzisoma. Alitaka shilingi 800, tukaafikiana 500. Mpwa alikibeba kiwambo hadi stendi, amenuna.