Amri Kumi Ukutani

Msikilizaji, mwaka 1978 jimbo la Kentucky, Marekani, liliamuru Amri Kumi zitundikwe katika kila darasa la shule za umma. Fedha zilitoka kwa wafadhili, si serikalini. Chini, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba hizo ndizo msingi wa sheria za nchi za Magharibi. Ujanja huo! Mwaka 1980 Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliibatilisha sheria hiyo. Nami naona ilitenda haki. Wayahudi, Wakatoliki na Waprotestanti hawazihesabu amri hizo sawasawa. Sasa utundike za nani? Na mtoto hana ruhusa ya kutoka darasani. Lakini mwaka 2024 Louisiana ilipitisha sheria ya namna hiyohiyo, wazazi wakaenda tena mahakamani.