Sauti Mbili Chini ya Anga: Historia ya Stereo katika Gari la Wazi

Mwezi Juni 1953, mjini Flint, Michigan, Chevrolet ilianza kuunda gari dogo la spoti la viti viwili lililoitwa Corvette. Mwaka huo yalitoka magari 300 tu, yote meupe nje na mekundu ndani, na yote ya wazi, yenye paa la turubai la kukunja. Bodi ilikuwa ya faibaglasi badala ya bati, na hilo likawaongezea kazi mafundi wa redio. Bati huzuia cheche za plagi zisiingilie mawimbi ya redio; faibaglasi haizuii. Ikabidi mfumo wa cheche ufunikwe kwa ngao za chuma, la sivyo msikilizaji angeambulia mikwaruzo mitupu. Lakini faibaglasi haikuja na taabu tu. Kwa kuwa hailizuii wimbi, antena ya wavu wa waya iliweza kufichwa ndani ya kifuniko cha buti.

Gari hilo lilikuwa na spika moja, ndani ya dashibodi. Hapakuwa na cha kusawazisha.

Hivyo ndivyo redio za magari zilivyokuwa tangu mwanzo. Mwaka 1930, Paul Galvin wa Chicago, aliyekuwa na kiwanda kidogo pamoja na ndugu yake Joseph, alifunga redio katika gari lake akaendesha hadi Atlantic City, kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio, ili wafanyabiashara waisikie kwa masikio yao. Chombo hicho, kilichouzwa kwa takriban dola 110 hadi 130, kilipewa jina la Motorola, na baadaye kampuni nzima ikalichukua jina hilo. Ujerumani ilifuata mwaka 1932 kwa redio ya Blaupunkt iliyoitwa AS 5. Kwa zaidi ya miaka 30 wasafiri waliridhika na sauti iliyotoka upande mmoja.

Wazo la sauti mbili, yaani stereo, lilikuwa limekwisha kuzaliwa Uingereza. Desemba 1931, mhandisi Alan Blumlein wa kampuni ya EMI aliomba hataza ya mfumo wa kurekodi sauti kwa njia mbili, kushoto na kulia, ili msikilizaji atambue mwimbaji amesimama wapi. Blumlein alikufa mwaka 1942 ndege ilipoanguka wakati wa majaribio ya rada, na hakuona sahani za stereo zikiuzwa madukani mwishoni mwa miaka ya 1950. Tarehe 1 Juni 1961 vituo vya FM vya Marekani vilianza kurusha matangazo ya stereo. Miaka hiyo hiyo mfanyabiashara Earl Muntz alikuwa akiuza California mashine za kanda za stereo za kufungwa ndani ya gari, na kwa magari ya mwaka 1966 Ford ikaleta kanda za njia nane zilizobuniwa na William Lear, yule yule aliyejulikana kwa ndege za Learjet. Corvette nayo ikapata redio ya FM ya stereo mwaka 1968, kwa malipo ya ziada.

Ndipo kitufe cha balansi, cha kugawa sauti kati ya kushoto na kulia, kikaingia kwenye dashibodi, pamoja na shida yake.

Stereo hutaka msikilizaji akae katikati, umbali sawa kutoka kila spika. Ndani ya gari hakuna akaaye hapo. Dereva wa Marekani yuko karibu na mlango wa kushoto, abiria wake karibu na wa kulia. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo tofauti ya nusu mita tu huifanya spika ya karibu iwahi kwa milisekunde moja na nusu hivi. Mwaka 1949, mtafiti Helmut Haas wa Göttingen, Ujerumani, alionyesha kuwa muda mdogo kama huo una nguvu kubwa: sikio huamini kuwa sauti imetoka pale ilipofika kwanza, hata kama mwangwi unaoifuata una nguvu zaidi. Kitufe cha balansi hupunguza ukubwa wa sauti ya upande mmoja, lakini hakiwezi kuichelewesha. Kinasaidia, ila hakimalizi kazi. Na kila hatua inayomfaa dereva humharibia abiria wake.

Paa likifunguliwa, mambo huzidi kuwa magumu. Katika gari lililofungwa, vioo na dari huirudisha sauti na kuipa besi nguvu. Katika gari la wazi, besi hupotea hewani. Upepo nao una ngurumo nzito ya chini, na ngurumo hiyo huimeza besi kidogo iliyobaki. Spika za nyuma, zilizozoea kusaidiwa na kioo cha nyuma, hubaki zikipiga angani. Mpangilio uliopendeza karakana ikiwa kimya huwa hafifu gari likiingia barabara kuu.

Hatua kubwa ya kwanza ya kutatua shida hizo ilikuwa kukubali kuwa kila gari ni chumba chenye tabia yake. Amar Bose, profesa wa MIT, alishirikiana na General Motors kutengeneza mfumo uliopimwa ndani ya gari lenyewe, kila spika ikiwa na kikuza sauti chake. Ulianza kuuzwa katika magari ya mwaka 1983, yakiwemo Cadillac Seville na Buick Riviera, kisha ukaingia katika Corvette ya 1984.

Hatua ya pili ilikuwa rahisi zaidi, na kwa gari la wazi ndiyo bora: kuileta sauti karibu na masikio. Pontiac Fiero ya 1984 ilikuwa na spika ndani ya maegemeo ya kichwa. Februari 1989, kwenye maonyesho ya magari ya Chicago, Mazda ilizindua MX-5, gari dogo la wazi ambalo nalo liliweza kupata spika mbili katika kila egemeo. Dereva akawa na kushoto na kulia kwake, abiria naye vivyo hivyo. Mazda haikuliacha wazo hilo: MX-5 ya kizazi cha nne ilipata mfumo wa Bose wenye spika tisa, baadhi zikiwa kwenye maegemeo hayo hayo. Mercedes nayo, katika SL ya 2012, ilizificha spika za besi mbele ya miguu ya waliokaa, mahali ambapo kufungua paa hakuziathiri sana. Kompyuta za sauti zikamalizia kile ambacho balansi haikuweza, kwa kuichelewesha spika ya karibu hadi ya mbali iifikie.

Afrika Mashariki husikia historia hii kwa upande wa pili. Kenya, Tanzania na Uganda huendesha kushoto, dereva akikaa kulia, kwa hiyo balansi husogezwa kushoto. Gari lililotumika Japani huja na jambo jingine: redio yake ya FM, hasa ya zamani, huishia megahezi 90, na vituo vingi vya Dar es Salaam au Nairobi viko juu ya hapo, hivyo havisikiki mpaka fundi afunge kigeuza mawimbi.

Mwenye gari la wazi aanze na sauti ya mtangazaji wa habari, si muziki. Asogeze balansi mpaka sauti hiyo isikike kutoka katikati ya dashibodi, kisha apunguze spika za nyuma. Akiwa barabarani, apandishe vioo vya milangoni kabla ya kuongeza sauti, kwa sababu vipimo vilivyofanywa Marekani katika magari ya wazi yaliyokwenda karibu kilomita 90 kwa saa vimekuta kelele inayopita desibeli 85, kiwango ambacho sikio likikisikia kwa saa nyingi huanza kuumia.