Kifafa: kutoka miti ya Uchina hadi vidonge vya Logo

BUNIA – Kila tunapozungumza kuhusu kifafa kwenye redio, swali moja linarudi: ile dawa ya unga ya Kichina, inaponyesha kweli? Mara nyingi anayeuliza ni mama mwenye mtoto anayeanguka, ambaye amekwisha kuuza mbuzi kwa ajili ya matibabu. Anastahili jibu la kweli. Jibu hilo tunalipata katika historia ya dawa zenyewe, ya huko Uchina na ya hapa kwetu Ituri.

Wachina hawakuanza jana. Huangdi Neijing, kitabu chao cha utabibu chenye umri wa miaka kama 2,000, kinasema kwamba mtoto anayezaliwa na ugonjwa wa kuanguka aliupata tumboni, kwa sababu mama yake alipatwa na mshtuko mkubwa akiwa na mimba. Waganga waliofuata waliugawa ugonjwa kwa sauti anayotoa mgonjwa anapoanguka: kuna wa kondoo, wa farasi, wa ng'ombe, wa nguruwe na wa kuku. Mpaka leo jina lake la mitaani Uchina linamtaja kondoo. Chanzo walikiita upepo: upepo unaoamka ndani ya mwili na kupanda kichwani. Hilo halitamshangaza mtu wa Ituri. Kwetu pia wapo wanaosema mtoto ameingiwa na pepo, na pepo na upepo ni maneno ya ukoo mmoja.

Ili kuutuliza upepo huo walitumia tianma, kiazi cha mmea usio na majani ya kijani, na gouteng, mmea wa kutambaa wenye miiba iliyopinda kama ndoana. Waliongeza nge waliokaushwa. Katika vidonge vingine walitia zhusha, jiwe jekundu lenye zebaki, na zebaki ni sumu.

Zinafanya kazi? Mwaka 2009 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa dawa, walipitia majaribio yaliyofanywa kuhusu dawa hizo kwa wagonjwa wa kifafa. Waliona kwamba majaribio hayo hayakufanywa kwa uangalifu wa kutosha, kwa hiyo hayathibitishi kitu. Na mwaka 2000 madaktari wa Hong Kong waliandika kuhusu sumu ya fenitoini iliyotokea baada ya kumeza dawa za Kichina za kifafa. Fenitoini ni dawa ya hospitali. Mtengenezaji aliichanganya ndani kwa siri, na mgonjwa akaamini anameza miti tu.

Sasa tazama Uchina wenyewe walifanya nini vijijini mwao. Mwaka 1912 daktari Mjerumani Alfred Hauptmann aligundua kwamba fenobabitali, dawa ya usingizi iliyouzwa kwa jina la Luminal, inapunguza kuanguka. Ni dawa ya bei ndogo. Kuanzia mwaka 2000, serikali ya Uchina na Shirika la Afya Duniani waliipeleka kwa wagonjwa 2,455 wa vijijini, ikitolewa na waganga wa kawaida wa vituo vya afya. Kati ya waliomaliza mwaka mmoja, karibu saba katika kila kumi walipungukiwa na kuanguka kwa nusu au zaidi, na theluthi moja hawakuanguka tena. Nchi ya tianma ilichagua kidonge.

Hapa kwetu kuna jambo la ziada. Katika eneo la afya la Logo, wilaya ya Mahagi, kifafa ni kingi kupita kawaida. Watafiti wakiongozwa na Michel Mandro wa afya ya mkoa wa Ituri na Robert Colebunders wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walikihusisha na minyoo ya upofu wa mto. Minyoo hiyo inaletwa na usubi, inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Wakati huo, ivermektini, dawa ya minyoo hiyo, ilikuwa haijagawiwa Logo. Lakini kampuni ya Merck ilikuwa imeahidi kuitoa bure tangu mwaka 1987. Katika jaribio la Logo lililochapishwa mwaka 2020, wagonjwa walipewa fenobabitali pamoja na ivermektini.

Je, miti ni uongo basi? Hapana. Mwaka 2015 Tuzo ya Nobel ya tiba iligawanywa. Nusu walipewa William Campbell na Satoshi Omura kwa ajili ya ivermektini. Nusu ya pili alipewa Tu Youyou, mama wa Kichina aliyesoma kitabu cha miaka 1,600 iliyopita kilichosema jani la qinghao liloweshwe majini na kukamuliwa. Ndimo ilimotoka dawa ya malaria tunayopewa leo kwenye vituo vyetu. Tofauti ni kwamba qinghao ilipimwa: kwanza kwa wanyama, kisha kwa Tu Youyou mwenyewe na wenzake, kisha kwa wagonjwa. Unga wa kifafa unaouzwa kwenye pakiti bado haujafika hapo.

Kwa hiyo, mama, jibu ni hili. Kama mtoto anameza fenobabitali, usiikatishe ghafla ili umjaribishe unga. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, na mtoto anaweza kufa. Ukitaka kutumia miti, mwambie muuguzi kwanza. Siku ya kugawa ivermektini kijijini, toka umeze, hata kama nyumbani kwako hakuna anayeanguka. Na mtoto akianguka, mlaze ubavu, mwondoe karibu na moto, usimtie kitu mdomoni. Mate yake hayaambukizi. Mguse bila woga, na akipata nafuu mrudishe shuleni.